New Zealand: uende Kisiwa cha Kaskazini, cha Kusini, au vyote viwili?

Ukishaamua kwenda New Zealand kwa ajili ya maumbile yake, uamuzi mgumu bado uko mbele. Nchi hiyo ni visiwa viwili vikubwa vilivyotenganishwa na mlangobahari wa Cook, na kila kisiwa kina tabia yake. Picha tunazotumiana kwenye simu hazimsaidii mtu kuchagua, kwa sababu ndani yake mlima wenye theluji, tope linalotokota, nyangumi na msitu wa mvua huonekana kama majirani wa mtaa mmoja.

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, uamuzi huu una uzito wa ziada. Safari ya ndege kupitia Dubai au Doha hula zaidi ya saa 24 ukijumlisha na muda wa kusubiri, na nauli yake si ya kutoa kila mwaka. Ndiyo maana wengi hutaka kuimaliza nchi nzima kwa mkupuo mmoja, wakaishia kuijua barabara kuliko milima. Kwenye ramani nchi inaonekana ndogo. Eneo lake ni kilomita za mraba kama 268,000, chini ya theluthi moja ya Tanzania. Lakini ni ndefu, nyembamba, yenye milima, na barabara zake nyingi zina njia moja kwenda na moja kurudi, kona juu ya kona. Kilomita 250 huko ni saa tatu na zaidi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usiulize kisiwa kipi ni kizuri zaidi, kwani hilo halina jibu. Uliza ni maumbile ya aina gani yanayokuvuta, na uko tayari kukaa saa ngapi kwenye kiti cha gari ili uyafikie.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vigezo sita, na kila chaguo nimelipima kwa vyote. Cha kwanza ni unachokwenda kuona. Cha pili ni barabara, yaani umbali kati ya kivutio na kivutio. Cha tatu ni hali ya hewa, tukikumbuka kwamba kiangazi chao ni Desemba hadi Februari na baridi kali ni Juni hadi Agosti. Cha nne ni miguu: je, lazima uwe mpandaji milima ili ufaidi? Cha tano ni mfuko. Cha sita ni watu, kwa sababu katika nchi hii huwezi kuyatenga maumbile na Wamaori, wenyeji wa kwanza wa ardhi hiyo.

Kisiwa cha Kaskazini

*Utakachoona.* Hapa ardhi iko hai. Kuanzia mji wa Rotorua hadi mlima Tongariro unapita juu ya ukanda wa volkano, na utausikia kwa pua kabla ya macho, maana harufu ya salfa imetanda mjini Rotorua. Katika bonde la Whakarewarewa, chemchemi ya Pohutu hurusha maji moto hewani, mara nyingine hadi mita 30. Wai-O-Tapu ina bwawa linalofuka moshi, kingo zake za rangi ya chungwa kutokana na madini. Waimangu ni bonde changa ajabu: lilizaliwa tarehe 10 Juni 1886, mlima Tarawera ulipopasuka na kuzika vijiji pamoja na ngazi za mawe meupe na ya waridi zilizokuwa zikivuta wageni kutoka Ulaya. Anayetembea hapo leo anaona msitu na maziwa ya maji moto yenye umri wa chini ya miaka 150.

Aliyewahi kufika Ziwa Bogoria atajiuliza kama kuna jipya. Lipo, na ni ukubwa wa mfumo wenyewe. Ziwa Taupo, lenye kilomita za mraba 616, limekaa ndani ya kreta ya volkano kama ilivyo Ngorongoro, ila hii imejaa maji na ni kubwa zaidi ya maradufu. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulitokea takriban miaka 1,800 iliyopita. Karibu na hapo ndipo mvuke wa Wairakei ulipoanza kuzalisha umeme mwaka 1958, na wahandisi wa Kenya waliokwenda Auckland kusomea nishati ya jotoardhi walirudi na ujuzi uliotumika Olkaria.

Nje ya ukanda huo kuna mapango ya Waitomo, ambamo mabuu ya mdudu mdogo afananaye na mbu hung'aa darini kwa mwanga wa buluu na kijani ili kunasa chakula. Unapita chini yake kwa mashua, kimya, bila kupiga picha. Kaskazini kabisa, katika msitu wa Waipoua, umesimama mti mkubwa wa aina iitwayo kauri, wenye jina la Tāne Mahuta na shina la kipenyo cha zaidi ya mita 4. Kabla ya kuingia utasafisha viatu kwenye kituo maalumu, kwa kuwa kuna ugonjwa wa mizizi unaoua miti hiyo na husambazwa na udongo wa kwenye soli. Lifanye kwa moyo wote. Mti wa aina hiyo haupandwi ukaonwa na aliyeupanda.

*Barabara.* Huu ndio ubora mkubwa wa kisiwa hiki kwa mwenye siku chache. Auckland hadi Waitomo ni kama saa mbili na nusu, Auckland hadi Rotorua saa tatu, Rotorua hadi Taupo saa moja. Unaweza kupanga chumba mji mmoja ukatembelea vitu vinne bila kufungasha tena mzigo. Msitu wa kauri ndio uko pembeni, upande wa pili wa Auckland, nao unataka siku yake.

*Hali ya hewa.* Ni ya upole zaidi kuliko kusini. Hata Julai, wakati watoto wengi wa kwetu wako likizo, Rotorua inatembeleka ukiwa na koti zito, na maji ya moto hunoga zaidi hewa ikiwa baridi. Mlima ndio usiodharauliwa. Njia ya Tongariro wakati wa baridi hufunikwa na theluji na barafu, na bila vifaa na kiongozi mzoefu haifai.

*Miguu.* Wazee na watoto wadogo wanafaidi karibu kila kitu, kwani mabonde ya mvuke yana njia zilizotengenezwa vizuri. Mwenye pumzi atajipima na Tongariro: kilomita kama 20 kwa siku moja, saa sita hadi nane, ukipita kwenye kreta nyekundu na maziwa ya kijani kibichi. Unaanzia upande mmoja na kuishia mwingine, hivyo panga basi la kukupeleka na kukurudisha. Watu wa kabila la Ngāti Tūwharetoa huomba wageni wasipande vilele vyenyewe wala kugusa maji ya maziwa yale, kwa kuwa kwao ni patakatifu.

*Mfuko.* Mabonde makubwa ya mvuke hutoza kiingilio, na ukiingia matatu au manne unaisikia. Lakini kuna vya bure vya kutosha: bustani ya Kuirau katikati ya Rotorua ina matope yanayotokota, maporomoko ya Huka hayana tiketi, na mjini Taupo kuna kijito cha maji moto cha Otumuheke ambapo wenyeji huoga. Onyo moja tu: katika chemchemi za asili usizamishe kichwa, maana maji hayo yanaweza kuwa na amiba anayeingia kwa pua na kuua.

*Watu.* Karibu robo tatu ya wakazi wa nchi wako kisiwa hiki, na Wamaori wengi pia. Whakarewarewa ni kijiji ambacho watu bado wanaishi, wanapika na kuoga kwa mvuke wa ardhini. Hifadhi ya Tongariro ilianzia mwaka 1887, chifu Te Heuheu Tūkino wa Nne alipovitoa vilele hivyo kwa taifa ili visije vikakatwa vipande na kuuzwa. Na tangu mwaka 2017 mto Whanganui unatambuliwa na sheria kuwa ni nafsi yenye haki zake. Mtu anayetoka nchi ambako milima na mito ina wenyewe kimila ataelewa haraka kinachoongelewa.

*Inamfaa nani.* Mwenye wiki moja au siku kumi, familia ya rika mchanganyiko, asiyependa kuendesha umbali mrefu, na anayetaka kuongea na watu kama anavyotaka kuona vitu.

Kisiwa cha Kusini

*Utakachoona.* Barafu, na kazi iliyofanywa na barafu. Uti wa mgongo wa kisiwa ni safu ya milima inayofikia kilele chake Aoraki, au Mount Cook, mita 3,724. Jirani wa Kilimanjaro na mita zake 5,895 asicheke. Aoraki iko mbali sana kusini mwa ikweta, hivyo theluji na barafu hushuka chini kabisa, na mlima wote unaonekana wima mbele yako kutoka bondeni. Mto wa barafu wa Tasman una urefu wa zaidi ya kilomita 20. Ziwa lililo mbele yake, lenye mapande ya barafu yanayoelea, halikuwepo kabla ya miaka ya 1970. Limeumbwa na kuyeyuka. Sisi tunaoitazama theluji ya Kibo ikipungua mwaka hadi mwaka tutaitambua habari hiyo bila kusimuliwa.

Maziwa ya Tekapo na Pukaki yana rangi ya feruzi kwa sababu barafu husaga mwamba kuwa unga laini unaobaki umeelea majini. Eneo hilo ni hifadhi ya kimataifa ya anga la giza tangu mwaka 2012, na usiku usio na mawingu nyota ni nyingi kupita maelezo. Pwani ya mashariki, Kaikoura, bonde refu la chini ya bahari linafika karibu sana na nchi kavu, na ndiyo sababu nyangumi wa aina ya kachaloti huonekana hapo mwaka mzima.

Kisha kuna Milford Sound. Ni mkono wa bahari ulioingia katikati ya kuta za mawe zilizochongwa na barafu, na mlima Mitre unachomoza majini hadi karibu mita 1,700. Mahali hapa hupata mvua ya zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tano ya Dar es Salaam. Watu huomba jua siku yao ya Milford. Binafsi ningeomba mvua. Wakati wa jua unaona maporomoko mawili ya kudumu, Bowen na Stirling, kila moja likiwa na mita zaidi ya 150. Mvua ikinyesha, kuta zote zinatiririka, mamia ya nyuzi nyeupe kutoka mawinguni hadi baharini, na meli ya watalii inaonekana kitu kidogo sana. Ubaya wa siku ya mvua ni upepo na barabara, si mandhari. Anayetaka utulivu zaidi aende Doubtful Sound: unavuka ziwa Manapouri kwa mashua, unapanda basi kupita mlimani, kisha mashua tena. Ni ghali zaidi na wageni ni wachache.

*Barabara.* Hapa ndipo penye gharama iliyofichika. Christchurch hadi Tekapo ni saa tatu, Tekapo hadi kijiji cha Mount Cook saa moja na robo, kutoka hapo hadi Queenstown zaidi ya saa tatu, Queenstown hadi Te Anau saa mbili, Te Anau hadi Milford saa mbili nyingine, na utarudi njia hiyohiyo. Kwenda na kurudi Milford kutoka Queenstown kwa siku moja kunawezekana, ila utalala kwenye basi ukipita sehemu nzuri kuliko zote. Lala Te Anau. Njia ya kwenda huko hupita kwenye handaki la Homer, kilomita 1.2 ndani ya mwamba, lililofunguliwa mwaka 1954, na katika majira ya baridi hufungwa mara kwa mara kwa hofu ya maporomoko ya theluji. Pwani ya magharibi ina madaraja mengi ya gari moja kwa wakati. Soma kibao kujua nani apite kwanza.

*Hali ya hewa.* Hubadilika ndani ya saa moja. Kiangazi kina mchana mrefu, jua huzama karibu saa tatu usiku, na hilo ni zawadi kwa mwenye kutembea. Julai ni theluji, minyororo ya matairi na michezo ya barafu Queenstown. Pwani ya magharibi na Fiordland, eneo la Milford na Doubtful, kuna usubi unaouma vibaya. Beba dawa ya kujipaka na nguo za mikono mirefu.

*Miguu.* Unaweza kuona mengi kwa meli na kwa vituo vya barabarani, lakini kisiwa hiki humlipa anayetembea. Kutoka kijiji cha Mount Cook, bonde la Hooker lina njia tambarare ya takriban kilomita 10 kwenda na kurudi. Uliza kwanza ofisi ya Idara ya Uhifadhi, DOC, kama madaraja yote yamefunguliwa. Njia ya Milford, kilomita 53.5 kwa siku nne, hujaa mara tu nafasi zinapofunguliwa. Kukanyaga barafu ya Franz Josef au Fox, siku hizi, ni kwa helikopta tu, maana imerudi nyuma na bonde limekuwa hatari.

*Mfuko.* Njia nyingi za miguu ni bure. Kinachokausha mfuko ni vyumba vya Queenstown wakati wa msimu, mafuta, na hiyo helikopta. Gari lenye kitanda na jiko hupunguza gharama ya chumba, mradi ulale panaporuhusiwa, kwani kanuni za kulala barabarani ni kali.

*Watu.* Ni wachache, kama milioni 1.2 katika kisiwa kikubwa kuliko kile cha kaskazini. Kwa mwenye kutafuta ukimya hiyo ni neema. Kwa anayependa soko, mazungumzo na vijiji, siku zinaweza kuwa kimya mno.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku 10 hadi 14, mpenda milima, mpiga picha, wenza, na dereva mtulivu asiye na haraka.

Vyote viwili

*Utakachoona* ni moto na barafu katika safari moja, na hakuna nchi nyingi zinazokupa hivyo kwa lugha moja na sarafu moja. *Barabara:* feri kati ya Wellington na Picton huchukua kama saa tatu na nusu, sehemu yake ikipita kwenye ghuba za Marlborough zenye mandhari ya kukaa nje kwenye sitaha. Dhoruba huiahirisha, kwa hiyo usiipange siku moja kabla ya ndege yako ya kurudi. Kampuni nyingine za kukodisha magari haziruhusu uvuke na gari. Unaliacha Wellington na kuchukua jingine Picton. Njia ya mkato ni ndege ya ndani, Auckland hadi Queenstown chini ya saa mbili. *Hali ya hewa* inakutaka ufungashe kwa misimu miwili. *Miguu* utachagua: ama Tongariro ama milima ya kusini, kwani kuzidisha kunachosha. *Mfuko* ndio unaolia zaidi. *Watu* utawapata wa pande zote.

*Inamfaa nani.* Mwenye wiki tatu kamili. Kwa siku 12 naona ni kujinyima. Utaona vioo vya gari.

Mambo yasiyobadilika popote uendako

Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya mgeni, inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Jamaa zetu wenye pasipoti za Oman, Uingereza au Marekani huchukua kibali cha mtandaoni cha NZeTA. Ukipata nauli nafuu inayopita Australia, angalia masharti ya viza ya kupita kabla hujalipa.

Mpakani, tamka kila chakula ulichobeba, hata korosho na viungo vya pilau vya mama, na viatu vyenye udongo. Ukificha, faini ni dola 400 za huko papo hapo. Ukitamka, baya zaidi ni kunyang'anywa.

Wanaendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania. Anayetoka Bujumbura, Kigali au Bukavu, ambako ni kulia, apumzike siku moja kabla ya kushika usukani, na kama leseni yake ni ya Kifaransa awe na tafsiri inayokubalika.

Kwa hali yako

Una siku 7 hadi 10 na unasafiri na wazazi: Kaskazini, ukikaa Rotorua.

Likizo yako ni Julai tu na hujawahi kuendesha kwenye theluji: Kaskazini pia. Ukiitamani sana Milford, ruka hadi Queenstown na upande basi la watalii badala ya kuendesha mwenyewe.

Una wiki mbili za Januari au Februari na miguu yako iko tayari: Kusini, ukianzia Christchurch na kumalizia Te Anau. Agiza vyumba miezi kadhaa kabla.

Umeshaona Bogoria, Hell's Gate na Ol Doinyo Lengai, na unataka usichoweza kukipata Afrika Mashariki: Kusini, kwa ajili ya mikono ya bahari ya Fiordland.

Unavutiwa na jinsi watu wanavyoishi na ardhi inayofuka moshi: Kaskazini.

Huendeshi gari kabisa: mabasi ya InterCity hufika miji mikubwa ya visiwa vyote, lakini kaskazini vivutio viko karibu na miji, na safari za siku moja kutoka Rotorua na Taupo ni nyingi.

Una wiki tatu na ni safari ya mara moja maishani: vyote viwili. Ingia kwa Auckland, tokea Christchurch, ili usirudie njia uliyokwisha kupita.